Kizimba cha mtandaoni: tunavyowapokea wanaosema walibakwa

Agosti 2024 video ilizagaa Tanzania nzima. Ilimwonyesha binti akibakwa na kulawitiwa na kundi la wanaume, huku wakimlazimisha amwombe radhi mtu waliyemtaja kwa cheo tu: afande. Haikuchukua siku nyingi kufika kila kona. Wako waliodai haki itendeke. Wako waliotaka kujua kwanza alikosa nini hata afanyiwe hayo. Wako walioomba watumiwe "wajionee". Kisha Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Dodoma akazungumza na gazeti kwa namna iliyoashiria kwamba binti huyo alikuwa kama mtu anayejiuza. Jeshi la Polisi likajitenga na kauli hiyo, likaomba radhi, naye akaondolewa kwenye nafasi yake. Septemba 30 mwaka huo huo, mahakama mjini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha.

Tukio hilo lina kitu ambacho matukio mengi ya aina hii hayana: picha zilizorekodiwa na watendaji wenyewe. Wanaosema kwamba wao hushuku kwa sababu tu hakuna ushahidi, hapa ushahidi walikuwa nao viganjani. Na bado maswali kuhusu mwenendo wa binti yalimiminika, hadi mdomoni mwa ofisa aliyepaswa kumlinda. Kwa hiyo shaka tunayoiona chini ya kila simulizi ya ubakaji haitokani na uhaba wa ushahidi peke yake. Ina mizizi mingine.

Binti wa Dodoma hata hakuchagua kusema. Simu za watu zilimsemea. Wanaochagua kusema wenyewe, wawe wasanii, wanafunzi au wake wa watu, hukutana na amri zinazogongana: mwaminini, subirini mahakama, mtaje, jisitiri. Kila amri ina watu makini nyuma yake, ndiyo maana ubishi huu hauishi kwa kutukanana.

## Njia iliyotangulia mtandao

Swali la kwanza la wengi ni kwa nini mtu aende Instagram badala ya kwenda polisi. Ukifungua vitabu vya sheria utaona swali hilo lina msingi. Tanzania ilitunga sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, maarufu kama SOSPA, mwaka 1998, na adhabu ya ubakaji ikawa kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria hiyo iligusa pia Sheria ya Ushahidi, ili mahakama iweze kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtendewa peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ikasisitiza kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Kenya nayo ilipata Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, muswada uliobebwa bungeni na Njoki Ndung'u, leo jaji wa Mahakama ya Juu. Muswada ule ulipita ukiwa na kifungu cha 38, kilichomtishia mtu atakayethibitika kutoa tuhuma ya uongo kwa adhabu ile ile ya kosa alilolitaja. Sheria iliyokuja kumlinda mlalamikaji ikawa inampokea mlangoni kwa onyo. Kifungu hicho kilikuja kufutwa baadaye, lakini fikra iliyokizaa haikufutwa nacho.

Tatizo liko kati ya kitabu na kituo. Aliyebakwa anatakiwa asioge, afike polisi, ajieleze Dawati la Jinsia na Watoto, apate fomu ya polisi ya PF3, aonwe na daktari, na aanze dawa za kuzuia VVU kabla saa 72 hazijapita. Anatakiwa afanye hayo yote huku ndugu wakiwa kwenye kikao. Zanzibar, ambako mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji ilianzishwa mwaka 2021, kilio cha miaka mingi kimekuwa muhali: shahidi aliyeona kila kitu hafiki mahakamani kwa kuwa mshitakiwa ni mtoto wa shangazi yake. Bara kuna ng'ombe wa fidia, fedha za kufunga mdomo, na ndoa ya haraka ambayo mashangazi huiita heshima.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uligundua kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana mmoja katika kila saba. Takriban nusu tu ya wasichana hao walimwambia mtu yeyote, na waliopata huduma walikuwa wachache mno. Ukimya huo haukuletwa na Instagram, ambayo mwaka huo ilikuwa haijazaliwa.

Watu wanaenda mtandaoni pia kwa sababu wameona mtandao ukifungua milango iliyokuwa imekomewa. Mwaka 2013 huko Busia, Kenya, msichana wa miaka 16 aliyepewa na magazeti jina la Liz alibakwa na kundi la vijana na kutupwa kwenye shimo la choo. Polisi waliwapa watuhumiwa waliokamatwa adhabu ya kufyeka nyasi kituoni, kisha wakawaachia. Gazeti lilipoiandika habari hiyo, saini za mtandaoni zikapita milioni moja, na mwaka 2015 vijana watatu wakafungwa miaka 15. Anayejua habari hiyo hawezi kumwambia dada yake kwamba kelele hazisaidii.

Lakini kelele humrudia pia aliyezipiga. Mwaka 2018 mhadhiri Vicensia Shule aliandika Twitter kuhusu rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyeitwa kujieleza akawa yeye.

## Mwaminini, au subirini mahakama

Wito wa kuwaamini manusura ulienea duniani kuanzia Oktoba 2017 kupitia #MeToo, maneno ambayo Tarana Burke alikuwa akiyatumia tangu 2006 katika kazi yake na wasichana weusi wa Marekani. Nguvu ya wito huo iko kwenye afya ya anayesema. Watafiti kama Sarah Ullman wa Chicago wamefuatilia kwa miaka mingi kinachowapata watu baada ya kusimulia, na picha inayojirudia ni kwamba lawama, dharau na kutoaminiwa huenda pamoja na msongo mzito zaidi wa baada ya tukio. Maneno mazuri husaidia, lakini uzito wake ni mdogo kuliko madhara ya maneno mabaya. Wengine hunyamaza kabisa baada ya jibu la kwanza walilopewa, na aliyelitoa jibu hilo hajui kamwe kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango.

Udhaifu wa wito huu unaonekana pale unapogeuzwa hukumu. Kumwamini mtu aliyekaa mbele yako akilia ni jambo moja, na kutaka mwanamume aliyemtaja afukuzwe kazi jioni hiyo hiyo ni jambo jingine kabisa. Wapiganiaji wengi wanalijua hilo. Wafuasi wao huwa hawana subira.

Upande wa pili unasema: subirini mahakama, mtu hana hatia mpaka ithibitike. Hoja hiyo isidharauliwe. Tuhuma ya kubaka huvunja ndoa, huondoa ajira, na mitaani kwetu huweza kumletea mtu kipigo cha kuua. Tena mahakama zenyewe huuliza swali linalowaudhi wengi, lile la "kwa nini hakusema mapema?" Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema katika mashauri yake kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema huongeza kuaminika kwake, na kuchelewa bila sababu huzaa shaka. Kwa hiyo swali lenyewe si la kishetani. Tofauti ni kwamba mahakamani huulizwa na wakili mmoja, faraghani, na mlalamikaji hupewa nafasi ya kulijibu mpaka mwisho. Mtandaoni huulizwa na watu elfu tatu kwa pamoja, na hakuna hata mmoja anayesubiri jibu.

Na jibu lipo. Mwaka 2017 madaktari wa kliniki ya waliobakwa jijini Stockholm walichapisha matokeo ya wanawake 298: asilimia 70 waliripoti kwamba mwili uliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio, wakashindwa kusogea au kupiga kelele. Ukilijua hilo, "mbona hakupiga yowe?" linabaki kuwa swali la mtu asiyejua mwili wa binadamu unavyofanya kazi anapozidiwa na hofu.

Halafu kuna hofu ya tuhuma za uongo, nguzo kuu ya kambi hii. Uongo upo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 ulikuta polisi wameziweka asilimia 8 ya taarifa kwenye kundi la uongo, na vigezo vilipokazwa idadi ikashuka hadi karibu asilimia 3. Kwenye chuo kikuu kimoja cha Marekani, kati ya taarifa 136 za miaka kumi, 8 zilithibitika kuwa za uongo. Utafiti huo ulitoka mwaka 2010. Wapo wanaopenda kutaja asilimia 41 ya mtafiti Kanin, ya mwaka 1994, bila kueleza kwamba alitegemea mji mmoja ambao polisi wake walikuwa wakiwatishia walalamikaji kwa mashine ya kupima uongo. Hata hivyo, hata takwimu nzuri zina mipaka. Zinahesabu taarifa zilizopelekwa polisi au chuoni, si maneno yaliyoandikwa mtandaoni. Na taarifa ambayo haikuthibitika kuwa ya uongo haijathibitika kuwa ya kweli. Zinachotuambia ni kwamba anayeanza kwa kudhani kila msemaji anadanganya anaanza mahali pabaya, basi.

Kasoro kubwa ya kambi ya mahakama ni kwamba wengi wao hawasubiri. Kanuni ya kutokuwa na hatia inaifunga dola isimwadhibu mtu bila kuthibitisha. Haimpi msomaji kibali cha kumtia hatiani mlalamikaji kwa kosa la kusema uongo. Anayeandika "tusihukumu" kisha mstari unaofuata akaandika "anatafuta kiki" ameshahukumu, tena bila kumsikiliza shahidi hata mmoja. Zaidi ya hapo, mashauri mengi hayafiki mahakamani kabisa. Ukimwambia mtu asubiri mahakama ambayo haitaketi, umemwambia anyamaze kwa lugha ya adabu.

## Mtaje, au jisitiri

Wanaodai jina litajwe wana hoja moja nzito: mtendaji mara nyingi hafanyi mara moja tu, na kumtaja ni kuwaonya wengine. Mwalimu anayejulikana na kila darasa, kocha anayejulikana na kila timu, mchungaji anayejulikana na kwaya nzima. Minong'ono huwalinda wenye bahati ya kuisikia, wageni wanaliwa.

Ila jina likishatoka halina breki. Aprili 2016 katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, orodha ya majina 11 ya wanaume iliwekwa Facebook bila neno jingine lolote. Usiku huo umati ulikwenda mabwenini kuwatafuta. Mjadala kuhusu namna chuo kinavyoshughulikia ubakaji ulifumuka, na ulistahili kufumuka. Lakini mwaka uliofuata waliofukuzwa chuo walikuwa wanaharakati wa kike. Wenye majina wakageuka walalamikaji.

Kuna gharama nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ya ushahidi. Picha ya mtuhumiwa ikishasambaa, gwaride la utambulisho linapoteza maana, kwa kuwa wakili atauliza kama shahidi alimtambua mtu au aliitambua picha. Maelezo yaliyoandikwa usiku wa manane kwa hasira yatalinganishwa neno kwa neno na maelezo ya polisi, na kila tofauti ndogo itaitwa uongo. Na aliyetajwa ana njia yake: madai ya kuchafuliwa jina, au Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayoadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Wanaopiga kelele "taja jina!" hawatakuwepo siku hati ya wito itakapogonga mlango.

Wanaotaka mambo yasitiriwe wanadharauliwa haraka mno na waandishi wa mijini. Mama anayemwambia bintiye asiseme hadharani huwa anapiga hesabu ya kweli: posa, shule, jina la ukoo, wadogo zake watakaochekwa. Hata sheria inaithamini stara. Ushahidi wa makosa ya kujamiiana Tanzania husikilizwa faraghani, na kesi ya Dodoma ilisikilizwa hivyo. Stara inaharibika pale inapohama kutoka kwa mtendewa kwenda kwa mtendaji. Familia inayomficha binti kwa shangazi na kumwacha mjomba aendelee kula meza moja na watoto imemsitiri mjomba.

## Kinachopandisha maneno makali

Mwanasaikolojia Melvin Lerner alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba watu wakimwona mtu anaumia bila kosa, na hawana namna ya kumsaidia, huanza kumtafutia kosa. Ni namna ya kujihakikishia kwamba dunia ina haki, na kwamba mimi nisiyetembea saa nane za usiku niko salama. Hii inaeleza jambo linalowashangaza wengi: kwa nini maneno makali kabisa huandikwa mara nyingi na wanawake. Anayeuliza "alifuata nini gheto?" anajichorea mstari wa usalama. Mstari huo ni wa kufikirika, kwani wengi hufanyiwa ukatili na watu wanaowajua, tena mahali wanapopajua, lakini unatuliza moyo.

Wanaume wanaosimulia yao hukutana na kitu kingine, nacho ni kicheko. Kijana akisema alifanyiwa na mwanamke mkubwa ataambiwa alibahatika. Akisema ni mwanamume, watu watajadili jinsia yake badala ya jeraha. Yule mvulana mmoja katika kila saba amesoma vicheko hivyo.

Mitambo nayo ina mchango wake. Nyaraka zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017 Facebook iliipa alama ya hasira uzito mara tano ya ile ya kupenda katika kuamua nini kipandishwe. Kampuni ililipunguza hilo baadaye, lakini somo linabaki: neno la pole halijibiwi na mtu, tusi hujibiwa na mia. Kurasa za udaku zimelielewa hilo vizuri kuliko watafiti. Simulizi ya kubakwa hukatwa skrinishoti, huwekewa swali la uchokozi ("mnamwonaje dada huyu?"), na kila tusi linaloingia linazipandishia kurasa hizo bei ya matangazo. Usimamizi wa maudhui kwa lugha zetu ni mdogo. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa Afrika ilifanyika Nairobi chini ya kampuni ya Sama, kwa mishahara na mazingira yaliyofikishwa mahakamani mwaka 2022. Tusi la Kiswahili cha mtaani, lililofichwa ndani ya fumbo, hupita salama.

Redio haina udhuru wa mitambo. Machi 2021 watangazaji wa Homeboyz Radio ya Nairobi walijadili kisa cha mwanamke aliyedai kurushwa kutoka ghorofa ya 12 na mwanamume ambaye yeye alimkataa, wakamlaumu kwa kujipeleka kirahisi. Mdhamini mkubwa akajiondoa, watangazaji watatu wakapoteza kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ikakitoza kituo shilingi milioni moja na kukisimamisha kipindi hicho miezi sita. Mambo yalikwenda haraka kwa sababu kulikuwa na mwenye leseni wa kumshika.

## Maswali matatu yaliyochanganywa

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kuyajibu maswali matatu kwa pumzi moja. Huyu anayesema anahitaji nini sasa? Nini kilitokea? Aliyetajwa afanywe nini? Umma unaweza kulijibu la kwanza, na unaweza kulijibu vizuri. La pili haulijui, hata ukijiaminisha vipi. La tatu si lake, ingawa mwajiri, chuo na kanisa wana sehemu yao hapo.

Ukipima gharama ya kukosea, mizani hailingani. Ukimwambia "pole, nenda hospitali kabla saa 72 hazijapita" mtu ambaye baadaye atabainika alidanganya, umepoteza neno moja la huruma. Ukimwita malaya mtu aliyesema kweli, umemwongezea jeraha, na waliokuwa wakijipima kusema wamekusoma. Mtu maarufu anayetuhumiwa hatasoma komenti yako kamwe. Binamu yako ataisoma. Lakini ukisambaza jina na picha ya asiye na hatia, hakuna namna ya kuvirudisha. Kwa hiyo busara inaegemea pande mbili kwa wakati mmoja: upole kwa anayesema, na uzito wa mkono kwenye jina. Wanaodhani lazima uchague kimoja wanaupunguza ubishi huu kuwa mchezo wa Simba na Yanga.

Kuna pingamizi ambalo busara hiyo hailimalizi. Ikiwa mtuhumiwa bado ana ufunguo wa darasa, uzito wa mkono unalipiwa na watoto. Hapo mzigo ni wa taasisi. Kumweka mtu pembeni kwa muda huku uchunguzi ukiendelea si adhabu, na vyuo vyetu hufanya hivyo bila kusita fedha zinapopotea. Tuhuma ikiwa ya mwili wa mwanafunzi, kamati hukutana polepole, na kila wiki ya ukimya inamsukuma mtu mwingine kuandika jina mtandaoni. Wakuu wa taasisi wanaolalamikia "mahakama za mitandaoni" ndio wanaozijengea majengo.

Busia na Dodoma zote zilifika hukumuni kwa shinikizo la umma. Busia umma ulilenga kituo cha polisi na utendaji wake, na msichana akabaki nyuma ya jina la kubuni. Dodoma shinikizo lilikuwa kubwa vilevile, lakini lilisafiri pamoja na video yenyewe. Watu wengi waliodai haki kwa dhati waliibandika ili wengine "waone ukatili", na kila aliyefanya hivyo alimwonyesha binti tena. Polisi walionya kwamba kuisambaza ni kosa. Onyo hilo lilifika video ikiwa imeshahifadhiwa kwenye simu ambazo hakuna mahakama itakayozipekua.